Migomba Mbele ya Antena

Neema mwanangu,

Mdogo wako Eliya ametoka kuninyang'anya kalamu akaitia mdomoni, usishangae madoa. Babu yako mzima, anakusalimu.

Umeuliza nani alinifundisha redio, mimi wa darasa la saba. Ni yeye babu yako, baba mkwe wangu. Nilipoolewa hapa Akheri, alikuwa akipokea kwa redio yake, iliyounganishwa na kompyuta, maandishi ya zahanati moja ya Simanjiro isiyo na mtandao wa simu, akiwaagizia dawa mjini. Siku nyingine orodha ya dawa ilifika nusu, na wagonjwa wanasubiri. Akabadilisha waya, wapi.

Mimi huanua nguo karibu na mlingoti wa antena. Nikaona mvua hata ikiisha, maneno yanakatika mpaka majani yakauke.

"Baba, ni migomba. Majani yakilowa yanazuia mawimbi."

Hakucheka. "Kweli mama. Lakini tukiikata tutakula nini?"

Akaurefusha mlingoti kwa bomba, antena ikapita juu ya majani. Kesho yake ilinyesha, orodha ikaja nzima. Akaandika daftarini: "Migomba. Kaona Rehema."

Miaka yote ana leseni ya redio, na hakuona aibu kuliandika jina langu. Siku ile nilijua mtu mkubwa ni yule ambaye... ngoja, babu yako ananiita, "Mama Eliya, njoo upokee, Simanjiro wanaandika," na mkono wangu bado una wino na mate ya Eliya.