Makofi Niliyoyazuia

Koboko, Ijumaa, 1974

Mwongo yule. Wiki nzima Ramadhani amekuwa akimwambia baba yake kwamba mimi sijui kitu, kwamba ni yeye anayewafundisha wadogo zake Kiingereza. Mzee huyo, baba yao, ananilipia shule hapa kwa kazi hiyo. Akiamini nimeshindwa, nitarudishwa Kongo na shule yangu itakuwa imekwisha.

Leo wageni walipomaliza kula, Ramadhani aliwapanga watoto mkekani ili wahesabu kwa Kiingereza mbele yao. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake, nakanda unga.

Watoto wangu hawafungui mdomo mpaka nipige makofi mawili. Niliwazoesha hivyo kwa sababu sauti yangu ni ndogo. Ramadhani hajui. Hajawahi kukaa nasi hata mara moja.

"Semeni," aliwaambia. Kimya. Akamgeukia dada yake mdogo. "Hawa, sema. Baba iko nangoja."

Ningeweza kupiga makofi kutoka pale jikoni. Niliogopa, lakini mikono niliiacha kwenye unga.

Hawa akaanza kulia. Hilo peke yake linaniuma.

"Nani iko nafundisha watoto kweli?" Mzee aliuliza.

Ramadhani akanong'ona, "Ule binti Mukongo."

Nikaitwa. Nilipiga makofi, unga ukaruka, na watoto wakahesabu kwa Kiingereza hadi ishirini bila kukosea. Wageni walicheka kwa furaha. Mzee hakucheka.

"Ramadhani, kesho na wewe kaa kwa mkeka. Mwalimu iko huyu."

Atakaa nyuma ya Hawa, mwenye miaka mitano. Nitamwanzisha na moja, mbele ya wote, na sitaharakisha.