Oili ya boti mezani kwa wakwe

Najet, nimejifungia jikoni. Usinipigie, nitacheka, na wakwe wa Emna bado wako sebuleni.

Asubuhi mume wangu Mondher amebadilisha oili ya injini ya boti. Ile mpya akaihamishia kwenye dumu langu la mafuta ya zeituni, eti lina mdomo mzuri wa kumiminia. Iliyobaki akairudisha jikoni ndani ya dumu hilohilo. Jikoni, Najet!

Nyumba nzima inanuka pweza wa kukaanga, ningejuaje? Nikajaza bakuli, nikapeleka na mkate kwa watu waliokuja kumposa binti yangu.

Babake kijana, unajua anavyojigamba kwa mizeituni yake, akainua bakuli kwenye mwanga. "Rangi hii! Mkamuo wa kwanza, mimi sidanganyiki." Akachovya. Akatia mdomoni. Macho yakamtoka.

Mondher akanusa bakuli, akaropoka: "Wallahi, hii si oili ya boti?"

Emna akashika kichwa. Nikajua posa imevunjika.

Mzee akatema kwenye leso. Mkewe akacheka mpaka machozi. "Miaka thelathini ananisomesha mafuta! Binti tunamchukua. Nyumba iliyomfunga mdomo huyu siiachi."