Mume Wangu Anataka Kuingia Kanisani na Wimbo wa Joka

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla shukrani yetu haijageuka kuwa aibu. Mimi ni mama wa watoto wawili ambao wameshakua na kuhama, naishi hapa Cheptiret na mume wangu Wanyama, aliyekuwa karani kwenye ghala la mahindi huko Eldoret mpaka mwaka jana alipopigwa na kiharusi, na mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko kando ya barabara kuu, na mlango unaofuata ni duka la vipuri vya pikipiki la jirani yetu Njenga, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia, ingawa kusema kweli ndipo na baraka yangu ilipoanzia, na hiyo ndiyo sababu nimechanganyikiwa.

Njenga anapenda muziki fulani wa Wazungu unaoitwa pawa metali. Sijui kama umewahi kuusikia, Mzee. Ni gitaa zinazokimbia kama zimeiba kitu, ngoma zinazopiga mbio za farasi, kinanda kama cha harusi ya mfalme, halafu mwanamume mzima mwenye nywele mpaka kiunoni na suruali ya ngozi iliyombana anapandisha sauti nyembamba juu, juu, mpaka mbwa wa stejini, pale matatu husimama, wanainua masikio, na kila wimbo ni upanga, mlima wa barafu, joka, mfalme aliyerudi, hakuna hata mmoja wa mtu wa kawaida aliyeamka akaenda kazini. Kabla ya ugonjwa mume wangu alikuwa akishinda hapo kila Jumamosi. Nilikuwa nikiwapigia kelele kutoka kwa cherehani, "Wazee wawili, nywele zimeisha, mnalia kama wasichana!" na Njenga ananijibu, "Nywele imeisha, Mama Byron, lakini sauti iko!" na Baba Byron anacheka mpaka anashika mbavu, yeye ambaye kanisani hukaa kiti cha nyuma na nyimbo za kitabu husogeza midomo tu.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Alirudi nyumbani na "ee" moja tu, ya kukubali na ya kukataa, ya njaa na ya maumivu. Tulikuwa tukienda hospitali ya Plateau kwa mazoezi, watu wa kanisa walikuja wakaomba na kuimba, nawashukuru wote, lakini unajua wageni wa mgonjwa hupungua kadiri ugonjwa unavyokaa. Njenga hakupungua. Kila jioni akifunga duka alikuja na kispika chake kidogo, akakiweka mezani, akasema, "Mzee Wanyama, farasi wamefika," akafungulia nyimbo zile zile na kuimba peke yake bila haya, akipiga meza mpaka vikombe vinaruka. Kuna wimbo mmoja wanaoupenda kuliko zote, wa shujaa anayepanda mlima wa barafu kumnyang'anya joka moto aliowaibia watu wake. Kiitikio ni Kiingereza, lakini maana yake ni hii: Tutapanda, tutapanda, usiku ukiwa mrefu tutapanda, na moto wetu hautazimika.

Jioni moja nilikuwa nashona sare za kwaya, kiitikio kikafika, nikasikia sauti mbili badala ya moja. Nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa amefumba macho, ngumi ya kushoto iko juu, anaimba, maneno mazima, Kiingereza chote, mtu ambaye asubuhi hakuweza kuniomba maji. Nilishona mkono wa gauni kwenye shingo ya gauni na sikujali. Mtaalamu wa kule hospitali alitueleza kwamba maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayalali chumba kimoja kichwani, basi tukaendelea kuyatoa kwa mlango huo huo, na leo Baba Byron anasema "chai", anasema "Byron", na juzi aliniita jina langu, Nekesa, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Sasa mshauri, kwetu mtu aliyeinuliwa na Mungu hutoa shukrani. Siku hiyo familia haiketi na watu. Huanzia mlangoni ikiwa na kuku, unga na ndizi, pamoja na wote waliosimama nayo wakati wa shida, ikaingia ikicheza mpaka madhabahuni, na wimbo wa kuingilia huchaguliwa na mwenye shukrani mwenyewe. Pasta alikuja nyumbani akamuuliza Baba Byron anataka upi. Baba Byron akainua ngumi akaimba wa mlima wa barafu. Pasta alibaki na kikombe cha chai mdomoni, kisha akanigeukia akasema, "Mama, mimi nitaupokea ule mtakaoleta. Mtaniambia."

Wifi yangu Nelima, dada yake Wanyama, ndiye mwalimu wa kwaya, na aliposikia alikuja mbio. "Mama Byron, kanisa zima linakuja kumshukuru Mungu, wewe unaleta joka! Si watu watasema kiharusi kilimwachia wazimu? Na huyo wa vipuri atembee mbele kama nani, askofu?" Nikamjaribu mume wangu na wimbo wa kitabu, ule mfupi tu. Akafungua mdomo, hakuna kitu, akageuza uso ukutani. Njenga naye amesikia maneno, akaja akasimama mlangoni bila kispika, akasema, "Mama Byron, kama ni ya kuleta vita, mimi nitabaki dukani. Mradi mzee anaongea." Hilo liliniuma kuliko ya Nelima.

Na jambo lingine, hata wimbo huo wenyewe hawezi kuumaliza. Njenga akiwepo hakuna shida, maana ule mstari wa mwisho Njenga ndiye huunguruma. Lakini tukiwa wawili, mimi na yeye, anafika "usiku ukiwa mrefu tutapanda", anakata, ngumi bado iko juu, ananitazama, ananitazama tu mpaka nakosa pa kuweka macho, basi namwambia, "Inatosha, Baba Byron," naye anashusha mkono. Je, akikata hivyo mbele ya kanisa lote? Nampenda, Mungu anajua ninavyoshukuru, lakini naona haya, na wimbo wenyewe ni wa kuchekesha, hata mimi nacheka. Kila mtu anangoja neno langu. Nimkataze?

Nekesa, Cheptiret

Nekesa, usimkataze.

Nimeisoma barua yako nikacheka, halafu nikavua miwani nikaifuta. Acha kwanza nishukuru pamoja nawe, kwa sababu mume wako amekuita jina. Wako wanawake wanaosoma ukurasa huu ambao waume zao wana ndimi nzima na hawajaitwa kwa jina tangu siku ya harusi.

Sipendi kutoa ushauri kuhusu chakula ambacho sijaonja, basi niliutafuta muziki huo nikausikiliza kwenye simu, jikoni. Mke wangu alichungulia akauliza, "Baba, ni nani anachinjwa?" Nikamwambia aketi. Wimbo wa kwanza tulicheka wote wawili. Wa pili tulisogeza viti karibu na simu. Wa tatu nilijikuta napiga meza kwa kijiko, na mke wangu hakuniambia niache.

Kwa hiyo nakubaliana nawe, ni muziki wa mbwembwe. Kinanda kinalia pale ambapo kimya kingetosha, gitaa mbili zinafukuzana bila kosa, na hakuna rafiki aliyewaambia vijana hao kwamba joka la pili limezidi. Kuhusu suruali sitasema kitu. Lakini nilifundisha shule miaka mingi na ugonjwa wa kueleza haujaniacha, hivyo univumilie kidogo.

Wewe umecheza ngoma ya isukuti kwenye harusi. Mpiga ngoma anamwimba mjomba wa bwana harusi kuwa ni simba, ni radi, ni fahali wa kijiji, na sote tunamjua mjomba huyo, anaogopa hata mbuzi wa jirani. Je, umewahi kumwona mtu akimsimamisha mpiga ngoma amwambie, "Samahani, huyu si simba, huyu ni mhasibu"? Hakuna. Mjomba mwenyewe anatoka kwenye kiti akicheza, mgongo umenyooka, na kwa muda wa wimbo ule yeye ni simba kweli, na kesho yake atawasalimia watu kwa sauti tofauti kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya majigambo. Humkopesha mtu mdogo vazi kubwa, naye akilivaa mwili hujifunza kusimama. Na kwaya ya wifi yako, mama, huimba kuhusu nini? Vita, ngao, minara iliyoanguka, wakiwa wamevaa sare zenye mabega yaliyofura ambazo umezishona wewe. Ukitaka kucheka, anzia hapo.

Mtu anayeimba kwa kujilinda, akiwa ameweka kicheko kidogo pembeni ili asionekane mshamba, hawezi kumwinua mgonjwa. Hao Wazungu wa Njenga hawajilindi. Wanaamini mlima, wanaamini moto, wanaamini hata suruali. Njenga naye alikuja nyumbani kwako akaimba peke yake mbele ya mtu asiyeweza kumjibu, jioni baada ya jioni, bila haya. Unadhani angekuwa na haya, mume wako angekuwa anasema "chai" leo?

Sasa nikugombeze. Mungu amekurudishia sauti ya mume wako, nawe unasimama mlangoni kukagua maneno. Ulipokuwa ukilia usiku ulimwomba Mungu amfungue kinywa. Hukumwekea sharti la wimbo gani. Na huyo Njenga, aliyekuwepo wageni wengine walipoisha, ndiye unataka abaki akiuza plagi siku ya shukrani? Leo hii, ukimaliza kusoma, nenda mlango wa pili umwambie kwa kinywa chako kwamba nafasi yake ni mbele, upande wa mkono ule wa mume wako usio na nguvu, amshike. Usimtume mtu. Deni la shukrani hupelekwa kwa miguu.

Wifi yako usimchukie. Ana wajibu wake, na nyumba ya ibada ina utaratibu wake, hilo ni kweli. Kwa hiyo kispika kibaki nyumbani, na gitaa zake. Ingieni na sauti zenu tu na ngoma za isukuti, kwa mwendo huo huo wa farasi, nakuhakikishia hazitashindwa. Imbeni kiitikio peke yake, joka liko kwenye beti na hakuna atakayelikosa. Mwombeni pasta aliyewapa ruhusa awaeleze watu, kabla hamjaingia, kwamba wimbo huu ndio Mungu alioutumia kama ufunguo, na kwamba mlima unaoimbwa wanaufahamu, wamewaona mkiupanda. Kisha mpe Nelima kazi. Mwambie, "Wifi, sisi hatujui kupanga sauti, tusaidie, ndugu yako anaimba." Mwalimu wa kwaya akisikia sauti zisizopangwa hawezi kukaa na hasira, atazipanga kwanza. Na akimsikia ndugu yake kwa karibu, sidhani atakumbuka alikuja kugombana na nani.

Limebaki hilo la kukatiza wimbo. Hili ndilo lililonifanya nivue miwani, nalo umeliandika mwishoni kama jambo dogo. Unaogopa kwamba amesahau mstari wa mwisho. Nekesa, mtu huyu amekumbuka Kiingereza cha mlima mzima, akifika hatua moja kabla ya kilele ndipo asahau? Rudi kwenye barua yako. Njenga akiwepo, mstari huo huimbwa na nani? Dukani, Jumamosi zile zote, uliimbwa na nani? Haukuwahi kuwa wa Wanyama. Wimbo huo una mwanzishaji na mwitikiaji, kama nyimbo zetu. Mwanzishaji akimaliza sehemu yake hunyamaza, huinua mkono, hungoja.

Hajasahau kitu. Anakungoja wewe. Mume wako hawezi bado kusema, "Mke wangu, tulipanda pamoja." Anasema kwa njia aliyo nayo, halafu anakutazama ili umjibu, nawe unamwambia inatosha.

Leo jioni Njenga asije, mwambie nimesema mimi. Kaa na mume wako, zima cherehani, mwache aanze. Atakapofika pale na ngumi ikabaki juu, usitazame chini. Inua na wako, uimbe, hata kama sauti itakwaruza, hata kama utacheka katikati: na moto wetu hautazimika.