Kinyozi Aliyekata Sura ya Mwisho

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba unijibu kwenye gazeti la Alhamisi hii hii, usiniweke foleni moja na wale wa mapenzi, maana wao wanaweza kusubiri lakini mimi ikifika Jumamosi nimekwisha.

Mimi ni kinyozi, kazi nimerithi kwa baba yangu, kiti kimoja, kioo kimoja, benchi moja la wanaosubiri, na wateja wangu wengi ni watoto wa shule, na kama hujawahi kumnyoa mtoto, mshauri, mshukuru Mungu, kwa sababu mtoto akisikia mashine inaunguruma anaingiza shingo mabegani kama kobe na wewe unabaki unanyoa hewa. Sasa jirani yangu mwenye duka la vitabu, mama mmoja mpole ambaye huagiza vitabu vipya vya watoto na vya vijana halafu hatokei hata wa kuuliza, siku moja akaniletea vinne, akasema, “Viweke hapo kwenye benchi, labda wakisubiri watavishika.” Nikaviweka, hawakuvishika, nikashika mimi, nikaanza kumsomea kwa sauti mtoto mmoja mkorofi kitabu cha kuku aliyegombea uenyekiti wa mtaa, na mshauri, yule mtoto alitulia tuli, nikampitishia hadi wembe nyuma ya masikio, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe.

Basi umeme ukakatika. Mashine ikazimika nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa na nusu ya kitabu, nikamwambia nenda nyumbani urudi kesho, na kesho yake nikamkuta mlangoni kabla sijafungua, wala kichwa hakukitaja, alitaka kujua kuku ameshinda au ameshindwa. Wenzake wakaona, wakataka nao wanyolewe hivyo hivyo, na bila mtu yeyote kuitisha kikao ikawa ndio utaratibu wa duka langu: kitabu kipya kikifunguliwa nanyoa nusu ya kulia ya kila kichwa, kitabu kikiisha nanyoa nusu ya kushoto, tunapiga makofi, kila mtu anapakwa poda, na wote wanatoka kwa msafara hadi kwa jirani kupokea kitabu kingine, ambacho hubebwa juu ya kipara kibichi huku wengine wakiimba, na jirani anatoka nje kukipangusa vumbi kitabu ambacho hakina hata vumbi. Jalada la kila tulichomaliza wanalichora na kulibandika kwenye kioo, na sasa kioo kimejaa, nimebakiwa na pembe ndogo ya chini, mteja mtu mzima akitaka kujiona inabidi apige magoti.

Vitabu vifupi vilikuwa vinaisha siku moja au mbili, hakuna mzazi aliyelalamika sana. Balaa lilianza na kitabu cha vijana, kipya kabisa, bado kinanukia gundi, sura tisa, cha binti na babu yake wanaotengeneza baiskeli ya watu sita kwa vyuma chakavu ingawa wao wako wawili tu. Sura moja kila jioni wakitoka shule, watoto kumi na wanne wenye nywele upande mmoja. Baba wa mmoja wao, fundi wa mabomba, alikuja siku ya tatu amevimba kwa hasira, akasema, “We bwana, mtoto wangu umemfanya nini?” Nikamwambia kaa kwenye benchi kidogo namalizia ukurasa, akakaa, akasikiliza, na mshauri, aliondoka pale na yeye amenyolewa nusu. Sasa mkewe amemhamishia sebuleni.

Mimi huwa natangulia kusoma nyumbani ili nijiandae na sauti, sauti ya babu, ya binti, ya mbwa. Jumapili nikafika sura ya tisa. Huyu babu wa kitabuni tangu sura ya tano alikuwa anasahau spana, anasahau njia ya kurudi, na katika sura ya mwisho anamtazama mjukuu wake usoni anamuuliza, “Wewe ni mtoto wa nani?” Basi! Hakuna daktari, hakuna muujiza, hakuna cha nini wala nini, binti anamjibu tu, wanapanda baiskeli, njiani babu anauliza tena, binti anajibu tena, kitabu kimeisha. Sikuamini. Nikachukua wembe nikaikata ile sura, kata safi, hata uzi wa jalada sikuugusa, nikaificha chini ya boksi la nyembe, na kesho yake nikawaambia watoto kwamba kiwandani wamesahau kuchapa mwisho.

Nilidhani watasikitika kidogo tuendelee na kingine. Wamegoma! Hakuna anayekubali nusu ya kushoto iguswe. “Kitabu hakijaisha, kichwa hakijaisha,” ndiyo wanavyoniambia, na fundi wa mabomba ndiye anayeongoza kuitikia. Hii ni wiki ya tatu, upande wa kulia umeshaanza kuota tena wakati wa kushoto umekuwa kichaka, mwalimu mkuu ametangaza kwamba kuanzia Jumatatu kichwa cha namna hiyo hakipiti getini, na Jumatatu ndiyo mitihani inaanza. Na si hilo tu. Waliandika barua kwa wachapishaji, saini kumi na tano, ya fundi ikiwemo. Wachapishaji wakashtuka, wakasimamisha mauzo, wakafungua nakala moja moja ghalani kuhesabu kurasa, hawakuona kosa, wakajibu wanaomba radhi sana na Jumamosi wanamleta bwana wao mmoja na nakala kamili, keki na maputo, aisome sura ya mwisho mwenyewe pale dukani kwangu. Jirani yangu amekwisha kushona nguo ya siku hiyo.

Utaniuliza kwa nini nilikata. Watoto ni wadogo, mshauri, mambo mazito ya nini? Binti yangu yumo kwenye hao kumi na wanne, ana miaka kumi na miwili, na anampenda mno babu yake, yaani baba yangu, ambaye tunaishi naye na humnyoa ndevu mimi mwenyewe kila asubuhi, na siku hizi mzee anachanganya changanya kidogo, ni uzee tu, mwezi uliopita alimuuliza binti yangu ni mtoto wa nani, nikamwambia binti babu anatania, nikacheka, yakaisha. Mtoto mwenyewe ana adabu sana, siku hizi akiingia chumbani kwa mzee husema, “Shikamoo babu, ni mimi mjukuu wako, mtoto wa mwanao kinyozi,” kila siku anayataja yote hayo hayo, nadhani wamefundishwa shuleni. Sasa nisimsomee habari za kumtia hofu bure.

Kwa hiyo nimeandika sura ya tisa yangu mwenyewe, kurasa tatu, nimekuambatanishia. Humo babu anapelekwa kwa kinyozi mmoja hodari, anapakwa povu la maji ya moto, ananyolewa taratibu kwa wembe mpya, na kidevu kinapokuwa safi kumbukumbu zote zinarudi, mpaka jina la mbwa wa bosi wake wa zamani. Swali langu ni hili: niwahi kuwasomea yangu Ijumaa, yule bwana akija akute kitabu kimeshaisha, au nifunge duka nibandike karatasi kwamba nimesafiri?

Ni mimi, Kinyozi Niliyebanwa.

*

Kinyozi, kaa kwenye hicho kiti chako nikuambie.

Kwanza nikugombeze, maana nikianza na huruma nitasahau. Wembe ni wa ndevu! Nani alikutuma kunyoa kitabu? Mwandishi amekaa na sura ile sijui miezi mingapi, wewe umeiondoa kwa dakika moja, halafu lawama ukawatupia watu wa kiwandani ambao hata hawakujui. Watu wazima na akili zao wameshinda ghalani wanahesabu kurasa kwa sababu yako. Na yule mama jirani, aliyekuletea vitabu kwa moyo mweupe, kitabu chake kizuri kuliko vyote kimesimamishwa kuuzwa, na bado amejishonea nguo ya kuja kukupigia makofi. Huoni haya?

Haya, huruma nayo unastahili. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijawahi kupata barua ya watoto waliogoma kwa sababu wananyimwa sura ya kitabu. Wazazi huniandikia kila wiki wakilia kwamba watoto hawasomi, kumbe dawa ilikuwa kuwanyoa nusu. Endelea, ila sura ziwe chache kipindi cha mitihani.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kitabu chako nimekitafuta nikakipata, nakala yenye sura zote tisa. Nimekisoma hapa ofisini mlango umefungwa, mhariri amebisha mara mbili nikamwambia nina mgeni. Najua ulichokiogopa. Lakini wewe ndugu yangu barua yako umeiandika bila kuisoma. Rudi pale uliposema binti yako ana adabu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaingia chumbani kwa babu yake, mtu aliyemlea, na kabla hajaulizwa anajitaja yeye ni nani na baba yake ni nani, kila siku. Shule gani inafundisha salamu hiyo? Niambie nimpeleke wa kwangu.

Anajua, kinyozi. Amejua tangu siku ile uliyocheka. Anamjibu babu yake kabla hajauliza, ili mzee asipate aibu ya kuuliza. Kazi hiyo ameifanya peke yake mwezi mzima ndani ya nyumba yako, na hana wa kumwambia, kwa sababu baba yake ameshasema ni utani. Halafu kwa bahati kikatokea kitabu kipya chenye binti mwenye umri kama wake, anayeulizwa swali lile lile na kujibu kama anavyojibu yeye, na hicho ndicho kipande ulichokificha chini ya nyembe. Mwenzake wa pekee duniani, wewe umemkata.

Unasema ulikuwa unamkinga mtoto. Mimi naona mwenye hofu ni wewe, na wala sikucheki. Baba ni baba. Siku moja atakutazama na povu kidevuni akuulize wewe nani, na wembe uko mkononi mwako. Ningekuwa wewe ningeogopa pia.

Fanya hivi. Leo hii ukisoma gazeti, funga duka mapema, nenda nyumbani, mkalishe binti yako, umwambie ukweli: babu hatanii, anaumwa, na mimi nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya. Usimalize na “ni uzee tu.” Mwachie nafasi aseme, na akisema usimkatize. Mzee mpeleke hospitali wiki ijayo, usinipe visingizio vya wateja. Ijumaa asubuhi chukua zile kurasa na gundi uende kwa jirani, mzibandike pamoja, umwombe radhi akiwa bado hajavaa nguo mpya. Siku hiyo hiyo wapigie simu wachapishaji useme ni wewe, na waendelee kuuza.

Jumamosi usiifute. Bwana wa watu aje na keki yake na maputo yake. Kabla hajafungua mdomo, simama mbele ya watoto useme ulichokifanya. Watakuzomea. Vumilia, ni kumi na wanne tu na fundi. Kisha sura isomwe, na binti yako akitaka kuisoma yeye, mpishe. Wewe nyoa. Anza na fundi wa mabomba, yule ana kazi na ana mke. Usomaji ukifika kwenye lile swali na machozi yakakujia, weka mashine chini kwanza ndipo ulie, kichwa cha mteja si mahali pa kulilia.

Zimebaki zile kurasa tatu zako. Uongo mtupu, hakuna povu duniani lenye nguvu hizo. Watoto usiwasomee, watakugundua kwenye mstari wa pili. Lakini usizichane. Asubuhi ukiwa unamnyoa baba yako, msomee yeye, taratibu, kwa zile sauti zako. Atafurahi kusikia habari za kinyozi hodari. Kesho yake msomee tena. Kwake kitakuwa kitabu kipya.