Wajomba Wasimame

Mnyambe, Newala
Tarehe 10 Juni, 1956

Mpendwa kaka Cuthbert,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga kwenye mkonge? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi tu wazima, ila goti la Mama linauma kila akitajiwa shamba. Akitajiwa ngoma linapona.

Kaka, binti yangu Lois amewatia wazee aibu, nami nimefurahi mno.

Wazee walikata shauri kwamba wasichana waliokwisha chezwa unyago wasirudi shule, washinde wakiteka maji bondeni. Lois akapita nyumba hadi nyumba kuwaombea wenzake. Kila baba alimjibu, "Mie baba tu, mwenye mtoto mjombake." Akienda kwa mjomba, anaulizwa, "Babake kasemaje?"

Jumapili moja, wazee wakiwa barazani, akapiga magoti, akaamkia vizuri, kisha akasema, "Naomba wajomba wasimame, akina baba wabaki wameketi."

Sasa kaka, mwanamume gani hapa Mnyambe si baba na mjomba pia? Mzee Yeremia aliinuka, akawakumbuka wanawe, akashuka. Akawakumbuka wapwa zake, akainuka tena. Mwisho akabaki amechutama kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Wanawake tulicheka hadi machozi. Hakukuwa tena na wa kusingiziwa, wakawaruhusu wenzake wote warudi shule. Siku hizi hata wavulana wanateka maji. Mwanangu Edmund hufika na nusu ndoo, nusu nyingine ameivaa.

Lakini Yeremia alikuwa na kinyongo. Akamgeukia Lois: "Na wewe, mjombako yuko wapi?"

Mtoto akanigeukia mimi. Mume wangu Dunstan akatazama miguu yake, maana hapa kwetu yeye ni mkwe tu. Moyo uliniuma, kaka. Nikajikuta nimesema, "Kaka Cuthbert amekwisha kubali!"

Sasa Yeremia anataka kuona mwandiko wako. Wote ambao Lois aliwapigania, hata Mwanaisha wa jirani, wamo darasani. Lois mwenyewe anasikiliza masomo akiwa nje ya dirisha. Kwa hiyo umekwisha kubali; kilichobaki ni kuandika tu. Usinifanye mwongo mbele ya Yeremia.

Mama anakusalimu, na Dunstan, na Edmund aliyelowa. Mungu akulinde na miiba ya mkonge.

Lois naye anasema shikamoo mjomba, na anaomba, ukimaliza kusoma hapa, usimame.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Julia