Neno Lililotoka Ng'ambo ya Ziwa

Lipingo,
16 Julai 2024

Kwa Mama yangu mpendwa, Ephrasia,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limepoa licha ya baridi hii ya Julai. Sisi huku ziwani hatujambo. Watoto wanakula, wanakua na wanagombana kama kawaida yao. Mke wangu Beata, anayekuletea barua hii pamoja na kikapu cha usipa, dagaa wetu wa ziwani, nimemwomba asifungue mdomo juu ya habari zilizomo mpaka uwe umeisoma mwenyewe hadi mwisho. Ukimwona amekaa kimya jikoni usidhani anaumwa.

Kahawa imeendaje? Nasikia mwaka huu huko kwako Namswea matawi yameinama kwa mzigo. Mungu asifiwe, na wachumaji wapatikane.

Mama, utakumbuka Desemba mjukuu wako Gaudiosa alipokuja likizo. Ulimwagiza kitu kwa Kimatengo, akabaki amesimama mlangoni anakutazama kama mgeni. Ulicheka, lakini niliona ulivyogeuza uso. Niliporudi Lipingo nikaanza kuandika maneno yetu kwenye daftari. Beata akasema na ya Kinyasa niyaweke, maana watoto ni wa pande zote mbili. Daftari la kwanza likajaa, la pili likajaa, na watoto hawakuyafungua hata siku moja. Macho yao yako kwenye simu.

Hapo ndipo alipoingia Glorious. Ni binti wa hapa hapa, Mwanglikana, aliyesoma mambo ya kompyuta chuo kikuu akarudi nyumbani, na sasa anajitolea kufundisha shuleni kwetu. Aliniambia, "Mwalimu, kama wako kwenye simu, tuwafuate huko huko." Akanionyesha seti ya zana wanazotumia watengenezaji wa tovuti, wenyewe huiita fremuweki. Si zana za kushika mkononi, Mama. Ni maandishi ambayo wengine wamekwisha kuyatunga, unayachukua na kuyaunganisha na ya kwako, mpaka unapata ukurasa ambao mtu akiugusa, nao unamjibu. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa hisabati mwenye miaka arobaini, aniache na chaki yangu. Hakuniacha.

Wiki tatu sikuelewa kitu. Nilianza kuelewa siku nilipokuwaza wewe shambani. Ukurasa wa namna hii haujengwi kwa mkupuo, unajengwa kipande kipande, kama ngolo, yale mashimo yako ya kulimia mteremkoni. Kila shimo linashika maji yake, lakini mteremko mzima unasimama kwa sababu mashimo yameshikana kingo. Neno ni kipande, sauti ya kulitamka ni kipande, kitufe cha kuongeza mfano ni kipande. Jambo likibadilika mahali pamoja, zana zile zinabadilisha pale pale tu. Kwingine hakutikisiki, na anayetazama hana haja ya kufungua ukurasa upya. Nilipomweleza Glorious hivyo alisema laiti na wao chuoni wangefundishwa kwa ngolo.

Usidhani nilikuwa fundi. Siku ya kwanza nilitengeneza kitufe cha kuongeza neno, nikaandika usipa, nikabonyeza. Neno likajirudia, likajirudia, likajaza kioo chote mpaka simu ikagoma. Glorious alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, umevua wavu mzima!" Wanafunzi walisikia, na hadi leo wananiita Mwalimu Usipa wakidhani sijui.

Basi, Jumapili iliyopita mchana tukauzindua ukurasa wetu wa maneno. Waanglikana walitupatia ukumbi wao, Wakatoliki tukaleta kwaya na ndoo za togwa. Glorious alitundika shuka jeupe ukutani, akawasha projekta, akawaambia wenye simu waanze kuongeza maneno. Ungekuwepo, Mama! Bibi anamtajia mjukuu jina la samaki, mjukuu anaandika, na papo hapo neno linachomoza ukutani mbele ya watu wote. Kila neno lilipigiwa makofi. Wazee wawili walibishana juu ya jina la mboga mpaka mchungaji akaingilia, na kumbe wote wawili walikuwa sahihi, mmoja kwa Kimatengo na mwingine kwa Kimpoto, lugha ya majirani zetu hapa ziwani.

Katikati ya shangwe hiyo, chini ya neno ngolo ambalo mimi mwenyewe nililiandika, pakatokea mfano mpya. Niunukuu kama ulivyokuwa: "Mdogo wangu Mansu alitumbukia kwenye ngolo yenye maji. Mama akamvua kaptura mbele za watu, akarudi nyumbani amejifunga jani la mgomba."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mimi, Mansu mwenyewe, sikucheka. Nilitazama kila mwenye simu mle ndani, na hakuna hata mmoja aliyekuwepo siku ile. Pembeni ya maneno yale, mahali pa kutaja mtu aliko, paliandikwa Nkhata Bay. Hiyo ni Malawi, Mama, ng'ambo ya ziwa.

Glorious alikuwa ameweka kisanduku kidogo cha mazungumzo chini ya kila neno. Nilichukua simu yangu, nikaandika, "Wewe ni nani?" Nilisahau kwamba kila ninachoandika kinaonekana ukutani. Watu wote wakageukia shuka.

Jibu likaja: "Kama wewe ni Mansu, utajua. Jani lilikuwa la mgomba wa nani?"

Nikaandika: "Wa Mzee Salvatory."

Tulisubiri. Kisha ukutani pakatokea: "Mansu. Mama yupo?"

Nikaandika: "Yupo. Na bado analima ngolo."

Vigelegele vilivyofuata sijawahi kuvisikia hata harusini. Watu wasiomjua walikuwa wanakumbatiana. Mchungaji alilia, Beata alilia, Glorious alikuwa anarukaruka kama mtoto. Ndiyo, Mama. Kaa kwanza kama umesimama. Mwanao Joakim, kaka yangu, yu hai. Ni fundi seremala Nkhata Bay, ana mke anayeitwa Lidia na mabinti watatu, na wa kwanza amepewa jina lako. Huyo Ephrasia mdogo ndiye aliyeuona ukurasa wetu. Ndugu wa Glorious walioko ng'ambo waliutuma kwenye kundi la simu la kwaya anayoimba, naye akamwonyesha baba yake.

Sasa Mama, nimefika kwenye sababu ya kukuandikia badala ya kuja mwenyewe na kupiga kelele tangu chini ya kilima.

Unajua Joakim aliondoka baada ya kugombana na Baba, alipoacha seminari. Umeamini miaka yote hii kwamba hakutukumbuka tena, au amekufa. Si kweli. Aliandika. Barua yake ilifika parokiani wiki tatu baada ya kumzika Baba, nami ndiye niliyepewa nikuletee. Niliifungua njiani. Alikuwa anauliza kama hasira ya Baba imepoa, ili arudi. Nilisimama pale barabarani nikamchukia, Mama. Mimi ndiye niliyemuuguza Baba, mimi ndiye niliyeshika jeneza, na wewe kila siku ulikuwa unamlilia yeye. Nikasema moyoni, na asubiri kidogo. Nikaificha. Kidogo ikawa wiki, wiki ikawa mwaka, na baada ya mwaka sikujua tena namna ya kuitoa. Yeye alipokosa jibu akadhani mmemkataa. Nimekutazama ukiwasha mshumaa wake miaka kumi na tisa, na mimi najua.

Jana nilimpigia nikamwambia yote. Akasema, "Mansu, mimi ningeweza kuandika ya pili. Nilikuwa na kiburi, sikuandika. Kwangu yamekwisha. Lakini kwa Mama utasema mwenyewe, kwa mkono wako, kabla sijafika. Sitaki kukaa mezani kwake huku tumebeba siri."

Ndiyo maana umeishika karatasi hii. Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine, ya zamani, imepasuka kwenye mikunjo. Ndiyo barua yake. Ni yako, inakujia ikiwa imechelewa kwa kosa langu. Isome bila mimi kuwepo.

Joakim na familia yake wanapitia Kyela, Njombe na Songea. Watalala Mbinga Ijumaa, na Jumamosi asubuhi watapanda Namswea. Beata atabaki hapo akusaidie kuandaa, na Gaudiosa ameapa kujifunza salamu kamili ya Kimatengo kabla ya siku hiyo. Ananisumbua tangu asubuhi. Mimi sikuombi unisamehe upesi. Yeye atafika Jumamosi. Mimi nitafika ukiniita.

Nisalimie majirani wote, Mzee Salvatory na nyumba yake, na mama wa jumuiya. Watoto wanakuamkia, Shikamoo Bibi. Glorious naye anakuamkia, na anaomba siku moja umfundishe ngolo zenyewe, zile za udongo. Mungu akulinde, akupe nguvu za kuipokea furaha hii pamoja na aibu yangu.

Ni mimi mwanao,

Mansuetus