Sanduku la Buluu Lililopotea Fua'amotu

Logan, Queensland
12 Mei 2024

Kwa Shangazi Fusi,

Shikamoo shangazi. Natumai barua hii inakukuta u mzima, mguu umepoa, na Paula na Ilaisaane nao hawajambo. Sisi huku tupo. Baridi imeanza. Mama hajambo kidogo; moyo ni ule ule, daktari kamwongezea vidonge, na chakula anakichungulia tu.

Leo ni wiki ya tatu tangu tumzike baba huko kwenu Kolovai. Nywele zangu ulizonikata mbele ya jeneza, kama ilivyo haki ya shangazi, sijazililia, zitaota. Ninaloandikia ni sanduku. Lile la buluu, tulilokuja nalo ndege moja na maiti ya baba, hadi leo halijaonekana. Shirika la ndege wamenipa fomu, wanataka niandike nguo ngapi na viatu jozi ngapi. Mkeka nitauandikaje? Mama aliusuka miaka minne, kwa majani ya mkadi aliyokuwa akiletewa kutoka kisiwani kwao Niuatoputapu, tangu siku baba alipoambiwa figo zimechoka. Ulikuwa wa kumlaza. Uzi mwekundu wa pindo ulimwishia akiwa kwenye kona ya mwisho, akafumua sweta langu la shule, la kijani, akamalizia.

Uliona mwenyewe, shangazi. Ilipofika zamu ya mjane kuleta chake, mama alisimama mikono mitupu. Wewe ulikuwa umekaa upande wa kichwa cha marehemu, mahali pako, ukasema, "Hata jamvi la kulalia mbwa hakuna?" Watu wakacheka. Nafikiri ulikuwa hujaambiwa kwamba sanduku limepotea. Maneno yalitutangulia Logan; sasa wanawake wa kanisani wakimwona mama anapita, wanakohoa.

Ndani ya sanduku nilitia kidude cha kufuatia mzigo, kadiri ya kifungo cha koti. Siku ile tuliyotua, saa tisa na dakika arobaini, kiliniambia kipo uwanja wa ndege wa Fua'amotu. Tangu hapo kimya. Basi sanduku limefika Tonga. Mwanao Paula anapakua mizigo uwanjani hapo hapo, tafadhali mwambie atazame stoo. Mama hataki fidia. Anataka wanawake wa Kolovai wauone mkeka ule mara moja, naye angali hai.

Binti wa kaka yako,
Kalolaine

*

Kolovai
30 Mei

Mwanangu Kalolaine,

Marahaba. Umefanya vyema kushika kalamu. Zile simu zako sizipokei, na mtu wa daraja langu haandikiwi kwa vidole gumba. Mimi ni mzima, ila mguu. Sukari haina adabu, haijali unaongea na nani.

Paula katafuta stoo nzima, mpaka mizigo ya wageni kaipindua. Hakuna kitu. Hicho kidude chako kimekufa, kama vitu vyote vya huko kwenu.

Lakini mwanangu, tuambiane ukweli, mimi na wewe. Uliuona mkeka huo ukiingia sandukuni kwa macho yako mawili? Watu wa Niua, kwao mama yako, ni mafundi wa kusuka, wanasuka hata maneno. Miaka minne! Konokono angekuwa ameshafika Niua na kurudi. Mimi sisemi hakuusuka. Nasema labda hakukuwa na mkeka. Mkono mtupu haulambwi, na baba yako amelazwa juu ya mkeka wangu mimi.

La pili. Mjukuu wangu Ilaisaane anatimiza miaka kumi na sita. Anataka simu kama yako, hiyo hiyo, si binamu yake. Sikuombi. Shangazi haombi kwa watoto wa kaka yake. Nikilitaka shuka unalolalia utalikunja na kulileta, ndivyo tulivyokuta. Nakukumbusha tu, maana Australia inasahaulisha.

Nisalimie huyo mama yako.

Shangazi yako,
Fusi

*

Logan
17 Juni

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Tumepokea barua yako, tumefurahi kusikia u mzima.

Simu ya Ilaisaane anakuja nayo mke wa mchungaji, atafika Kolovai mwisho wa mwezi. Ni kama yangu, hiyo hiyo.

Mama alitaka nimsomee ulichoandika. Nilipofika pale kwenye konokono nilitaka kuparuka, akanikamata mkono, akasema, "Soma yote, ni wifi yangu." Nikasoma yote. Akaiweka chai yake chini. Halafu akaviangalia vidole vyake, kimoja kimoja, akaniuliza, "Kalo, kweli niliusuka?"

Nikamwambia, mama, sweta langu liko wapi? Akacheka kidogo. Lakini jana kaniuliza tena. Shangazi, nakusihi Paula atazame mara nyingine.

Mwanao,
Kalolaine

*

Kolovai
8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na ahsante. Simu imefika Jumamosi ile ya tarehe 29. Ni nyeusi. Mtoto alitaka ya waridi, lakini hakulia sana. Sasa anapiga picha hata popo walio mtini. Hivi ndivyo mtoto wa kaka anavyotakiwa kuwa, ukitikiswa unadondosha.

Tarehe 12 Oktoba natimiza miaka sabini. Itakuwa shughuli kubwa, nguruwe thelathini, kanisa lote, na wazee wa vijiji vya jirani. Watoto wa kaka zangu wote wataleta mikeka. Usije ukaniaibisha. Na uambatanishe salamu za kunisifu. Mzee Halapua ndiye msemaji wa shughuli, ataisoma barua ya kila mleta zawadi mbele za watu, mwanzo hadi mwisho. Andika vizuri. Umesoma.

Sanduku bado. Achaneni nalo.

Shangazi yako,
Fusi

*

Logan
15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Mguu je?

Nikueleze jinsi kidude kile kinavyofanya kazi, maana mara ya kwanza sikukueleza. Chenyewe ni kipofu. Hakiwezi kuniambia kilipo mpaka simu ya aina yangu iwe karibu yake. Simu hiyo ndiyo inayonipa habari. Huko mwisho wa njia, kwenye nyumba yako, ambako siku za msiba mimi sikufika, hakukuwa na simu ya namna hiyo hata moja. Mpaka ukaitisha.

Jumamosi tarehe 29 Juni, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kidude kikaamka. Ilaisaane alikuwa ndiyo anaiwasha. Nimekitazama wiki mbili nzima nisije nikamsingizia mtu mzima. Mtoto akienda shule, kinanyamaza. Akirudi, kinasema. Jumapili kinanyamaza mpaka mtoke kanisani mje kula. Kipo nyumbani kwako, shangazi. Siku za mwizi arobaini; zako zimezidi kidogo.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Ungesema tu. Ungenyoosha kidole pale msibani, useme "huo wangu," na mama angeukunja kwa mikono yake akauweka miguuni pako. Nani anaiba haki yake? Nimelala nalo hilo siku nyingi, na jibu ni moja: ungeuchukua hadharani, watu wangeona kwamba mama yangu, Seini, aliuleta. Hukutaka mkeka. Ulitaka mikono yake iwe mitupu.

Basi sikudai kitu, wala sitaki ukiri. Utandaze juu ya kaburi la baba mchana, wanawake wakiwepo, na useme maneno matatu: huu wa Seini. Ilaisaane apige picha anitumie. Daktari amesema wiki, hakusema miezi. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Kalolaine

*

Kolovai
4 Agosti

Kalolaine,

Marahaba.

Ndiyo, uko chini ya kitanda changu. Paula aliuleta siku ile ile, kwa amri yangu. Wala usiniandikie tena neno mwizi. Mwizi huchukua cha mtu. Mimi kwa baba yako hakuna cha mtu.

Akili unayo, sikatai. Umeona mbali. Sasa nikupe na usiyoyaona. Bibi yako, mama yetu, alikufa akimwita baba yako, Feleti, siku tisa. Siku ya tisa nilipiga simu huko kwenu. Akapokea Seini. Akaniambia, "Amelala, wifi, katoka kazini kachoka, akiamka nitamwambia." Akiamka! Alipoamka mama yetu alikuwa amekwisha kufungwa taya. Nilikaa upande wa kichwa cha mama peke yangu, watu wakinong'ona, mwanawe wa kiume kaleta nini? Mikono yangu ndiyo ilikuwa mitupu, mwanangu. Miaka kumi na saba nimengoja Seini naye asimame hivyo. Kasimama. Nimeridhika, na chakula sasa kinapita.

Kaburini hautakwenda. Siku ya miaka yangu sabini nitaukalia mimi, na nitasema nimesukiwa na watu wangu. Ni mzuri, nakubali. Mkono anao.

Kidude nilikikuta kwenye mfuko wa sanduku, nikawatupia nguruwe. Mmoja kakimeza. Sasa ukitaka, mfuatilie nguruwe.

Tarehe 12 Oktoba usisahau.

Shangazi yako,
Fusi

*

Logan
2 Septemba

Kwa Shangazi Fusi,

Shikamoo shangazi. Natumai mguu umepoa.

Mama alifariki Jumanne, tarehe 27 Agosti, mchana, mimi nikiwa naye. Tumemzika hapa hapa Logan. Kanisani walikuja watu kumi na moja. Tulimlaza juu ya shuka la dukani, maana mikono iliyokuwa ikisuka kwetu ilikuwa yake.

Barua yako sikumsomea. Nilimdanganya. Nilimwambia, mama, sanduku limepatikana, mkeka umetandazwa juu ya kaburi la baba. Macho yakamng'aa. Akauliza, "Nani aliuona?" Nikasema Kolovai nzima. Akauliza kama kona ya kijani ilionekana. Nikasema ndiyo, waliisifu hiyo kuliko yote. Akauliza, "Fusi alisemaje?"

Hapo nilikwama, shangazi. Uongo mwingine haukuja upesi. Kidogo tu, kadiri ya kumeza mate. Akanitazama, akajua. Akageukia ukutani, na hakusema nami tena mpaka alipokwenda.

Nimefikiri sana. Wewe ndiye mkubwa niliyebaki naye. Sanduku langu la siku yako litakuja na mke wa mchungaji, la buluu vile vile, na nimelitia kidude kingine lisije likapotea. Nimemfungulia Ilaisaane njia kwenye simu yake. Ataona kitone, nawe utaona sanduku linavyokuja, kutoka Brisbane mpaka mlangoni pako. Lisifunguliwe kabla ya shughuli. Na salamu nimeziandika, ziko humo humo ndani, za msemaji.

Mwanao,
Kalolaine

*

Kolovai
20 Septemba

Mwanangu Kalolaine,

Marahaba. Pole kwa msiba. Mungu hupanga.

Sasa umekuwa mtu mzima. Nimewaambia wanawake wote, mtoto wa Feleti analeta kitu kikubwa, mpaka amekiwekea ulinzi. Ilaisaane amenionyesha hicho kitone, kimetulia huko Logan. Kikianza kutembea nitakikodolea macho kama mtoto anayengoja uji. Nimemwambia mzee Halapua lako lifunguliwe la mwisho, watu wakiwa wameshakaa wote.

Shangazi yako akupendaye,
Fusi

*

Ndani ya sanduku
Kwa mzee Halapua, msemaji wa shughuli. Isomwe kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kama desturi.
12 Oktoba

Shangazi yangu Fusi,

Shikamoo. Hongera kwa miaka sabini. Nawasalimu wazee, na mchungaji, na wanawake wa Kolovai, natumai hamjambo wote na nguruwe wameiva.

Mzee Halapua, usihangaike kupekua. Sanduku halina mkeka. Lina barua mbili tu, hii unayosoma na nyingine iliyo mfukoni, ya tarehe 4 Agosti. Wanaojua mwandiko wa shangazi waipokezane.

Kisha naomba walioketi karibu naye wamsaidie ainue mguu, taratibu, unamuuma. Tazameni kona ya mkeka anaoukalia. Pindo ni jekundu, kisha linageuka kijani. Kijani hicho ni sweta langu la shule. Mkeka huo ulisukwa na mama yangu, Seini wa Niuatoputapu, miaka minne, kwa ajili ya mumewe. Ulitua Fua'amotu pamoja na maiti yake. Paula akaubeba akaupeleka chini ya kitanda cha mama yake, na ninyi mkamcheka mjane. Nakumbuka waliocheka, nilikuwa nimeinama shangazi anikate nywele lakini masikio yalikuwa wazi.

Shangazi, siudai. Ni haki yako. Ukalie, uulalie, na siku yako ikifika wakuzike nao, kila mtu ataijua kona ile.

Mimi mtoto wa kaka yako nimekuletea sanduku tupu, ulilolikodolea macho safari nzima. Sema basi, kwa sauti, kama ulivyosema siku ile: hata jamvi la kulalia mbwa hakuna?

Wanawake wa Kolovai, mkeka mmeuona. Mama alitaka muuone yeye angali hai.

Binti wa Feleti na Seini,
Kalolaine